Soksi ya Mguu wa Kulia

Tabita alipanda kilima akiwa na soksi moja tu, ameificha kifuani ndani ya blauzi ili ifike na joto la mwili. Ya pili, ya kushoto, alikwisha kumvisha mumewe Yonathani jana.

Mkononi alishika kikopo cha mafuta ya mkia wa kondoo. Begani alikuwa na kitita cha majani makavu ya mgomba na kijembe cha kupalilia. Jua lilikuwa bado. Ilikuwa Julai, na Julai ya milima ya Ileje haina utani: umande ulikata vifundo vya miguu kama wembe, na mvuke ulimtoka mdomoni kama sufuria iliyofunuliwa.

Tangu Jumatano Yonathani alikuwa analia na mguu wa kulia. Unaganda, alisema. Unaganda kama siku ya kumvizia nguruwe pori mtoni, umesimama kwenye tope hata kukohoa huruhusiwi. Mzee wa miaka sabini na moja, aliyewahi kumkabili nguruwe dume kwa mkuki mmoja, alikuwa anatoa machozi kwa ajili ya vidole vya mguu. Usingizi hakuupata. Tabita naye hakuupata.

Kupasha miguu ya mwindaji ni kazi aliyoijua kuliko mwanamke yeyote kijijini. Kwanza unaufuta mguu mpaka ukauke, na katikati ya vidole usipasahau, maana baridi hujificha humo. Unapaka mafuta ya kondoo, unasugua kuelekea juu, kwenye moyo. Unauzungushia majani ya mgomba uliyoyaponda kwa viganja mpaka yakawa laini kama pamba. Mwisho soksi nzito, na usiikaze: damu ikikosa njia, hata ukae juu ya tanuru hupati joto.

Na mawe. Hapo Tabita alisimama kidogo, akajifanya anapumzika.

Mwezi wa tano, baridi ilipoanza, alipasha vijiwe viwili vya mtoni kwenye jivu, akavifunga vitambaa, akatumbukiza kila kimoja kwenye ncha ya gambuti, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Yonathani akavaa, akaondoka na wenzake kuwafukuza nguruwe waliokuwa wanamaliza mahindi. Jioni alipovua, vitambaa vilikuwa vimesogea, na nyayo zote mbili zilikuwa na malengelenge makubwa kama vitunguu.

"Hukusikia kuungua?" Tabita alimuuliza.

"Nilisikia joto limekaa vizuri." Alikuwa anacheka. "Mke wangu, leo umenipikia miguu."

Nyayo zake zilikuwa zimekwisha kuacha kusikia, moto wala mwiba, na nyumba nzima hakuna aliyejua.

Leo Tabita hakubeba jiwe.

Kwenye kona ya shamba la kahawa alikutana na Gwamaka, mjukuu wa jirani, aliyekuwa Tunduma miezi mitatu akipakia malori mpakani. Alikuwa na mbwa wawili kwenye kamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi lini?"

"Jana jioni. Nawafuata wenzangu huko juu, nasikia nguruwe wamezidi." Akaiona soksi ikichungulia kwenye blauzi, akacheka. "Sasa bibi, soksi moja? Au babu siku hizi anawinda kama korongo, mguu mmoja ameukunja?"

Siku nyingine Tabita angempa jibu la kumrudisha Tunduma. Leo alivuta khanga, akaifunika soksi.

"Wahi wenzako, Gwamaka."

"Haya. Nikimkuta babu nimwambie nini?"

"Hutamkuta."

Kicheko kikamkauka kijana. Akavua kofia, akaikunja mikononi. Tabita akampita. Ng'ambo ya bonde mbwa wa wawindaji walikuwa wameanza kubweka, na mtu akapiga mluzi mrefu, ule ule wa Yonathani, ambao vijana wote wa kilima kile walijifunza kwake.

Makaburi ya ukoo yako juu, penye upepo. Yupo baba yake Yonathani, yupo mama yake, wapo kaka zake wawili. Pembeni kulikuwa na udongo mpya uliofunikwa kwa mawe, haujaota hata jani.

"Hodi," Tabita alisema, akapiga magoti.

Jumanne walizika kwa haraka, kwa machozi, mvua ya manyunyu ikiwapiga. Mwinjilisti aliomba, wanaume wakafukia, na hakuna aliyekumbuka baridi. Yeye mwenyewe hakukumbuka, na ndiye mwenye kazi hiyo.

Akaondoa mawe moja moja. Akachimba kwa kijembe, kisha kwa vidole, mpaka akaigusa khanga aliyoifunga kwa mkono wake. Akaifungua. Akafuta, hata katikati ya vidole. Akapaka mafuta, akasugua kuelekea juu. Akazungushia majani. Akavisha soksi, akapitisha kidole ukingoni kuona kama haikukaza.

"Nisamehe," alisema. "Sasa pumzika, naye apumzike."

Akaufunika tena ule mguu uliokatwa kwa khanga, akaurudisha shimoni, na chini bondeni, kwenye kitanda cha dirishani wodini, Yonathani alikuwa macho akisubiri joto lipande. Tabita akafukia upande wa kulia wa shimo tu. Wa kushoto aliuacha wazi, maana daktari alisema mguu wa pili ni Jumatatu.