Tufaa la Bibi Stamena

Kitendawili! Nyumba haina mlango wala dirisha, na hodi hupigwa kutoka ndani. Mmesema yai? Hapana. Lakini msinipe mji bado.

Jumamosi mchana, wanaume watatu walikuwa wakifukua kaburi la Bibi Stamena, kando ya mto Morava. Jumamosi mnyonya damu hatoki kaburini, hilo kila mtoto wa Serbia analijua. Neda, mkamwana wake, alisimama pembeni na kigingi cha mti wa miba.

"Wa kulaumiwa ni wewe," alisema Vukasin, mkuu wa kijiji. "Umepewa maiti uilinde, ukasinzia, paka akairuka. Haya, sasa tunaye mnyonya damu, na ndama wa watu wanakufa."

"Mwache bwana," Ruza, jirani wa Neda, akadakia. "Jumatano joto lilikuwa la kuua. Asubuhi bibi kaanguka, jioni tumeshamfukia. Nani asingechoka?"

"Alikuwa mkali akiwa hai," mchimbaji mmoja alinong'ona. "Sijui leo itakuwaje!"

Neda hakucheka. Paka aliruka kweli, lakini si paka aliyemkosesha usingizi. Alhamisi alfajiri alikwenda kaburini peke yake na ngano ya kuchemsha na mtungi wa divai, sadaka ya wafu kwa desturi yao. Akarudi mbio, mikono mitupu, akipiga kelele kwamba mavyaa wake ameamka.

"Ulisema alinena," Vukasin akamkumbusha. "Alinena nini? Siku ya tatu leo nakuuliza."

Neda akageukia shimo. Kwao, anayekuita mara moja tu haitikiwi. Wafu huita mara moja. Walio hai huita tena. Na yeye hakungoja mara ya pili.

Jembe likagonga ubao. Kifuniko kikainuliwa.

"Mama yangu! Tazameni kucha, zimekatika zote!"

"Alikuwa njiani kutoka huyu!"

"Na damu hiyo vidoleni? Ameshakunywa!"

"Lete kigingi, mkamwana," alisema Vukasin. "Aliyemlaza vibaya ndiye amlaze vizuri."

Neda akashuka shimoni. Jumatano, kabla ya kufunga jeneza, alikuwa amemshikisha mavyaa tufaa la safari, jekundu, kubwa kuliko yote kapuni. Ngumi ya bibi ilikuwa bado imefumbwa. Akaifumbua kidole kimoja kimoja.

Kilikuwemo kikonyo cha tufaa, na mbegu nne.

Juu ya shimo watu walikuwa wakisukumana wapate kuona. Neda alikiacha kigingi kikaanguka.

"Unangoja nini?" Vukasin alifoka. "Neda! Alikwambia nini?"

"Aliniuliza, 'Neda mwanangu, bado upo hapo?'"

Akauchukua ule mkono wa baridi, akauweka shavuni.

"Nipo, mama," akajibu.