Sayari Pacha za Jumapili

Saa nne kamili asubuhi mshonaji aliketi mbele ya kompyuta, mkanda wa kupimia ungali shingoni, akaandika kwa jina la binti yake: "Baba, nipo."

Jibu lilichelewa. "Na mimi nipo, binti yangu."

Dada yake mkubwa alisimama nyuma ya kiti. "Si huwa anamwita Kapteni?"

"Amechoka tu."

"Leo wiki ya tatu tangu tumzike mtoto, mdogo wangu. Mwambie mumeo."

"Nitamwambia akirudi, uso kwa uso. Mtu anachomelea vyuma juu ya mnara, dada. Nimpe habari hiyo akiwa kule peke yake?"

Dada alitikisa kichwa.

Kambini alikofanya kazi mumewe simu hazikushika. Kulikuwa na kompyuta moja ya ofisi yenye intaneti, na kila Jumapili wafanyakazi walipewa zamu ya saa moja. Baba na binti waliitumia zamu hiyo kuunda anga lao katika programu ya sayari. Walikuwa wamepanga kutengeneza sayari mbili zinazozungukana bila kugongana wala kupotezana. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamchukua mtoto ndani ya siku mbili.

Mama hakujua lolote la angani. Alichokuwa nacho ni daftari la marehemu: *Uzito sawa. Kasi sawa, ila moja iende juu, nyingine chini. Zikae mbali na jua, litazitenganisha. Katikati yake hakuna kitu. Zinazunguka mahali patupu.*

Aliweka sayari ya kwanza, akaisukuma juu. Upande wa pili, kutoka kambini, ikawekwa nyingine, nayo ikasukumwa juu. Zikaenda sambamba kidogo, zikavutana, zikagongana.

Mshonaji aliduwaa. Mumewe ndiye aliyemfundisha mtoto mchezo huu. Angekosea jambo dogo hivyo?

"Ananipima," alinong'ona. "Ameshahisi."

Akaandika: "Baba, yako iende chini."

"Sawa. Uzee huu."

Mara ya pili kasi ilizidi, kila sayari ikashika njia yake gizani. Mama akafuta, akarudia, akaomba kasi ipunguzwe. Upande wa pili ukatii bila swali, na hilo likamtia hofu zaidi. Mumewe hakuwa mtu wa kutii. Angebishana hata na kivuli chake.

Mara ya tatu zikashikana. Mzunguko mmoja, miwili, kumi. Dada mtu akainama karibu na skrini, akasahau ugomvi wao.

"Zimekubali," mama aliandika, na machozi yakamdondokea juu ya mkono.

"Umefanya vizuri. Mtihani ni lini?"

Alimtazama dada yake. Dada akageuza uso dirishani.

"Ijumaa, baba."

"Basi nisikilize. Lolote utakalosikia wiki hii, ufanye huo mtihani. Umenielewa? Ufanye vizuri. Na mama yako usimwache peke yake."

Mshonaji aliyasoma mara mbili. Moyo ukamtulia. Hayo yalikuwa maneno ya baba aliye mbali na nyumbani, basi. Hakuwa amehisi kitu.

"Nitafanya vizuri, baba. Mama hajambo. Anakusalimu."

"Msalimu sana."

Alizima kompyuta, akauegemeza uso wake kwenye tumbo la dada yake. "Hajajua," alisema. "Nimepata wiki moja nyingine."

Kule kambini, mpishi aliinuka mbele ya kompyuta ya ofisi, akampisha mwenzake aliyekuwa akisubiri zamu, akajifuta macho kwa aproni, akatoka kwenda kuwasaidia wengine kupigilia misumari jeneza la mchomeleaji. Gari la kumpeleka kwa mkewe na bintiye lilikuwa liondoke alfajiri.