Kitenge cha Dirishani

Nilitoka misa nikamkuta Jémima, binti yangu, amesimama juu ya kiti, anatundika kitenge kilicholowa maji dirishani kuzuia joto. Kilikuwa kile cha mtoto.

Hicho ndicho nilichombebea yeye mgongoni tulipotoka Bukavu. Tangu aolewe nilikitunza sandukuni, kinamngoja mzaliwa wake wa kwanza, atakayepewa jina la marehemu mume wangu, kama tunavyofanya kwetu.

"Shuka," nikasema. "Hiyo ni ya mutoto."

"Bon, maman, ukae kwanza." Hakushuka. "Mimi na bwana yangu tuliamua. Hatutazala. Batu beko bengi sana mu dunia, na njo banaongeza hii joto."

"Alors, wewe peke yako utaipoza?"

"Kila mutu aanzie kwake, maman."

"Na jina ya papa yako, nani ataibeba?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye pindo la kitenge, yakalowesha zulia. Nilimwomba Mungu anipe neno.

Nikafungua kitenge changu cha misa, nikabaki na shimizi, nikamnyooshea.

"Weka hii. Ile unipe."

"Maman! Joto imekuingia mu kichwa?"

"Weka, mutoto yangu."

Akakitundika huku akicheka, macho yamemjaa machozi. Mimi nikajifunga kile cha mtoto mgongoni, kimelowa vilevile, hakina mtu ndani, nikakaza fundo kifuani.

Maji yakanishuka hadi miguuni. Jémima akaacha kucheka. Akashuka kwenye kiti, akalishika lile fundo, asilifungue.