Kadi Isiyo na Muhuri

Pigo la kwanza la rungu lilimpata karani Theuri begani. La pili lilimvunja kidole juu ya kibodi, na damu ikarukia kioo cha kompyuta.

Mama Sophie, mfagiaji wa hospitali, alikuwa uani akichoma kadi kuukuu ndani ya pipa aliposikia ukelele. Alikimbilia ofisi ya rekodi na ufagio mkononi. Alikuta mwanamume mrefu amemkaba karani shingoni, anamgongesha kichwa kwenye kabati la chuma.

"Nataka kadi ya Wangechi," mtu yule alisema. "Kesi ni Jumatatu. Usiniambie tena ati imepotea."

Mama Sophie alielewa mara moja. Mwaka huo, 1997, serikali ilikuwa imetoa pesa za kompyuta, na kadi za wagonjwa kutoka Kerugoya hadi Kiriaini zililetwa Nyeri kwa magunia ili ziingizwe kwenye mashine, kisha zichomwe. Alipokuwa akizichoma alikuwa amesoma nyingi za wanawake: ameanguka zizini, ameanguka zizini, ameanguka tena. Sasa wale waliowaangusha walikuwa wameanza kuja.

Na kati ya watu wote, aliyepigwa ni Theuri. Theuri aliyeomba mwenyewe kuhamishwa kutoka Kerugoya aje afanye kazi hii. Theuri aliyemwita cucu, kama nyanya yake mzazi, akambebea magunia mazito na kumkatia nusu ya mkate wake kila siku saa nne. Siku hizi nyumbani alikula peke yake, maskini. Mke wake alikuwa amerudi kwao.

Mama Sophie alimshukia yule mgeni kwa ufagio. Mpini ulivunjikia kwenye sikio lake. Mtu aligeuka, rungu likiwa juu, na Mama Sophie akarudi nyuma, akateleza kwenye damu. Ajabu ni kwamba mtu yule aliliacha rungu lianguke, akamdaka kabla kichwa chake hakijafika sakafuni.

Theuri hakungoja. Alinyakua mkasi mezani, akamchoma mgongoni mara mbili.

Mgeni alipiga magoti. Hata hivyo alimlaza Mama Sophie chini polepole, kisha akajitupa na kuushika mguu mmoja wa karani kwa mikono yote miwili. Theuri alimpiga teke la mbavu, la mdomo, la mbavu tena. Mtu hakuachilia.

Ndipo Theuri alipotoa kadi ndani ya shati lake, akamrushia Mama Sophie.

"Ichome, cucu. Iko kwenye kompyuta tayari. Asiipate."

Mama Sophie aliinuka, akaiokota na kutoka hadi penye pipa. Moto ulikuwa mkali bado. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, alisikia mateke yakiendelea, na jino likigonga saruji.

"Usichome, mama," mgeni alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Tafadhali."

Mkono wake ulisita, lakini haikuwa kwa ajili ya maneno hayo. Ulisita kwa mazoea. Kila kadi iliyoingizwa kwenye kompyuta ilipigwa muhuri wa zambarau, na kwa miezi miwili hakuwa ametia motoni hata moja kabla ya kuuona muhuri. Aliigeuza kadi. Nyuma hapakuwa na kitu. Mbele paliandikwa Wangechi, umri miaka ishirini na sita. Mbavu mbili. Taya. Mkono wa kushoto. Mimba imetoka.

"Hii haina muhuri," alisema.

"Choma tu, cucu."

Aliisogeza karibu na macho, akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno, kama walivyofundishwa wakubwa kwenye darasa la gumbaru kanisani Gatitu. Pale pa aliyemleta mgonjwa paliandikwa: Ndungu, kaka yake.

Mstari uliofuata ulikuwa wa jina la mume. Theuri, karani wa rekodi, Kerugoya.