Foroma ya Mguu wa Baba

Tulikuwa tunafunga duka la marehemu baba, fundi viatu wa mji wa Lynn, nami nikitia ndani ya jiko la kuni foroma zake, zile nyayo za mbao za kuundia viatu, maana hakuna aliyezitaka. Nilipoinua ile ya mguu wake mwenyewe, mama akaipokea.

"Last," akasema. Ndivyo tunavyoziita foroma kwa Kiingereza, na ndilo pia neno letu la "mwisho".

"Na ndiyo ya mwisho kweli, mama. Si neno lile lile?"

"Yamefanana tu. Baba yako alisema hili la foroma zamani lilikuwa unyayo. Aliyefuata unyayo asiache, wakasema anadumu. Kudumu nako ni last, vilevile."

Akapapasa kipande cha ngozi ambacho baba alikigongomea pale kidole chake gumba kilipopinda.

"Mimi nimechoka kufuata, Verna." Akafungua mlango wa jiko.

Nikaikamata foroma kisiginoni. Hakuna aliyeachia.