Pua ya Kuazima

Alikiinamia kikaratasi cha kunusia, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama alivyovuta kwa miaka kumi na tisa. Hakusikia kitu. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekumbushwa jambo zuri, na wote mezani wakawa wanamngoja.

Kiwandani walimwita Pua, wala haukuwa utani. Yeye ndiye aliyeamua manukato gani ya wanaume yaende sokoni na yapi yamwagwe. Neno lake moja liliweza kuitupa kazi ya mwaka mzima. Lakini tangu yale mafua mabaya ya miezi minane iliyopita, Pua alikuwa hasikii harufu hata ya moshi. Alijaribu vitunguu, akajaribu mafuta ya taa, akafika mpaka kwenye soksi za mwanawe. Wapi! Ikijulikana, kazi imekwenda na jina nalo limekwenda, maana mnusaji asiyenusa ni wa nini?

Aliyejua ni mtu mmoja tu, mkewe. Na mama huyo alijaliwa pua ya ajabu, angeweza kukuambia leo kwamba maziwa yataharibika kesho. Kila Alhamisi, siku ya sampuli, Pua hutia kichupa mfukoni na kurudi nacho nyumbani. Huchelewa kidogo, vikao vya Alhamisi siku hizi vilikuwa haviishi. Mkewe huchovya kikaratasi, akanusa, kisha humpaka mumewe kwenye kifundo cha mkono, akanusa tena, kwa sababu manukato kwenye karatasi ni mengine na kwenye ngozi ya mtu ni mengine. Huandika kwenye daftari. Pua hukariri kama mtoto wa shule, na kesho yake huenda kuyamwaga maneno yale mbele ya wakubwa, wakampigia makofi. Makofi aliyapokea peke yake, na ahsante hakuwahi kuifikisha nyumbani. Kwake yeye ilikuwa kazi ya mke, sawa na kupiga pasi.

Jana yake mambo yalikuwa yale yale, ila mkewe hakumpaka. Alimkunjia mkono wa shati, akauinua mkono wake mtupu mpaka puani, akaunusa kwa muda, akaurudisha.

"Leo karatasi inatosha," alisema, kisha akaandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa. Pua alifurahi, maana alikuwa amechoka.

Sasa Mkurugenzi alikuwa akimtazama. Maneno ya chinichini yalikuwa yameshafika ofisini kwake, na Pua alilijua hilo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwafunga watu midomo.

"Haya, tuambie," Mkurugenzi alisema.

Pua akaanza, kwa ile sauti yake ya kuringa. Mwanzo, asmini, tena imekolea. Katikati, vanila na poda, ile ya kujipaka shingoni. Mwisho kabisa, sabuni: kipande kipya, kidogo, cha bei rahisi. Katibu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao aliacha kuandika.

"Asmini na poda? Kwa wanaume?" Mkurugenzi aliuliza.

Hapo Pua alikuwa amejiandaa. Alisema wanaume wa siku hizi wamechoshwa na harufu za mbao na tumbaku, alisema huu ndio ujasiri wanaoutafuta, akamalizia kwamba manukato haya yeye mwenyewe angeyavaa. Wanusaji wenzake wawili waliinamisha vichwa wakawa wanatazama meza. Mkurugenzi akakivuta kile kichupa, akakifungua, akamimina kilichomo kwenye glasi. Akanywa. Akanywa yote.

"Maji ya bomba," alisema, akifuta midomo. "Niliyatia mimi mwenyewe jana. Wenzako waliniambia pua yako imekufa, mimi nikawaita wazushi. Kusanya vitu vyako."

Saa sita mchana Pua alikuwa ameshafika nyumbani. Njia nzima alikuwa akimlaani mkewe, lakini karibu na mlango hasira ikamtoka, huruma ikaingia. Si waliugua mafua yale pamoja, wiki moja? Bila shaka maskini naye pua ilikuwa imemfia, akaona haya kusema, akawa anabuni ili kumsitiri mumewe. Alimkuta uani anakunja nguo zilizokauka. Akaketi kwenye ngazi, akamsimulia yote. Miaka kumi na tisa. Kuanzia leo watoto wangeulizwa baba yenu anafanya kazi gani, wajibu nini?

"Kumbe hata wewe husikii harufu, mama watoto," alisema kwa upole. "Si ungeniambia tu?"

Mkewe alilikunja shati la kazi, kola kwanza, mikono baadaye, akaliweka juu ya mengine.

"Mimi nasikia vizuri, baba watoto. Yale yalikuwa maji, nilijua tangu nafungua kifuniko. Niliyokuandikia ndiyo unayonuka wewe, kila Alhamisi."