Sahani Isiyo na Samaki

Sahani ile ilikuwa na maji safi matupu. Iliachwa wazi mezani katika kila kipimo cha samaki, ili ithibitishe kwamba hakuna kinachodondoka kutoka hewani.

Amihan, mtafiti wa maabara ile, hakuwahi kuikagua. Leo aliiweka chini ya hadubini, akaona nyuzi za plastiki za rangi ya waridi, zilezile alizozikuta matumboni mwa perege wa Ziwa Laguna, zilezile zilizotangazwa redioni kuwa zimo ndani ya samaki.

Akautazama mkono wake. Maabara iliruhusu nguo za pamba tu, lakini kiyoyozi kilikuwa kikali, naye kila siku alijitupia sweta lake la nailoni la rangi ya waridi, lililochakaa viwikoni.

Simu ikaita. Alikuwa mama muuza samaki aliyempa wale perege.

“Mwanangu, leo tena nimerudi na beseni limejaa! Wananicheka, eti nauza mifuko yenye magamba. Hebu niambie, samaki wangu wana plastiki kweli?”

Amihan aliinua sahani, akasogea kwenye sinki.

“We mwanangu, upo?”

“Nipo, mama,” alijibu, huku akifungulia maji. Yakazizoa zile nyuzi, yakashuka nazo kwenye mfereji uendao ziwani.